Kutua Si Kubwaga

Maneno haya niliyasema Bagamoyo, jioni moja ya kaskazi, mbele ya wanafunzi wa muziki, wazazi wao na wanakwaya wa mjini. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka. Nilichoondoa ni vikohozi, na ule muda niliokuwa natafuta miwani iliyokuwa kichwani kwangu.

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Na wale wa habari za jioni, habari za jioni. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Wengine naona ni wadogo kwangu lakini kwa mvi mmenizidi, basi pokeeni tu.

Kijana aliyeniandikia barua aliomba nizungumzie safari yangu katika muziki. Safari yenyewe haichukui dakika mbili: Muheza, Ujerumani, Muheza tena, Dar es Salaam, sasa hapa kwenu. Nauli haikuwa yangu hata mara moja. Nimekuwa mpiga kinanda wa kanisa, nimekuwa mwalimu wa muziki, na nimekuwa mpigaji wa chombo kingine ambacho wengi wenu hamjakiona, nitakieleza. Lakini nikitazama nyuma naona kazi zote hizo zilikuwa kazi moja. Miaka arobaini na kitu nimekuwa nikijifunza namna ya kuiachia sauti. Kuianza si kazi. Mkalishe mtoto wa miaka miwili mbele ya kinanda, atabonyeza, tena kwa mikono yote miwili. Shughuli iko kwenye kuinua kidole.

Mji huu unaelewa jambo hilo kuliko miji mingine. Jina lake, wazee mnajua, lina simulizi mbili, ya mpagazi aliyefika pwani akaubwaga moyo kwa raha, na ya mtumwa aliyeuacha moyo wake hapa kabla ya kupakiwa chomboni. Sitaingia katika ubishi huo, wenyewe mpo. Mimi nimeshikwa na kitenzi. Kubwaga ni kitu kimoja, kutua ni kingine. Gunia la mkaa unaweza kulibwaga. Mtungi wa maji ukiubwaga, umelala na kiu. Chuma na Susi na wenzao walipoibeba maiti ya Livingstone kutoka Chitambo, miezi tisa hivi njiani, wakafika hapa Februari 1874, ikalazwa usiku mmoja katika kanisa la misheni, pale penye mnara mnaoujua. Wale hawakubwaga kitu. Walitua.

Wanafunzi wangu wamechoka kulisikia neno hilo. Mtu akimaliza mstari akanyanyua mkono kama aliyeunguzwa na sufuria, wenzake wanamwambia kabla sijafungua mdomo: umebwaga.

Sasa nirudi Muheza kidogo. Baba yangu alikuwa mkata mkonge. Kanisani kwetu kulikuwa na kinanda cha upepo, kile cha kukanyaga. Ndani yake hakina mabomba. Kina ndimi za shaba, nyembamba, kila ulimi na sauti yake, na chini kuna mivukuto, ileile ya mhunzi, inayopeleka hewa kwenye ndimi. Mpigaji anakanyaga kwa miguu huku anapiga kwa mikono. Mwalimu wetu wa kwaya, Mungu amrehemu, alikuwa na donda mguuni lisilopona. Akakanyaga kwa shida mwaka mzima, halafu akaacha. Siku moja akaniita mimi, nilikuwa darasa la tatu, akaniambia, "Wewe binti una mikono yenye nguvu, kaa hapo chini." Nikakaa sakafuni chini ya kinanda, nikawa nasukuma vikanyagio viwili kwa viganja, kulia, kushoto, kulia, kushoto, Misa nzima.

Kwa hiyo mimi nilianza muziki nikiwa sioni nota hata moja. Nilichokiona ni suruali ya mwalimu na vumbi. Lakini viganja vilikuwa vinasoma. Kwaya ikiimba kwa nguvu na mwalimu akishika sauti nyingi pamoja, hewa inaliwa haraka, vikanyagio vinakuwa vyepesi na inabidi ukimbie. Akiinua vidole, hewa haina pa kwenda, vikanyagio vinakuwa vizito mkononi. Baada ya miezi michache nilijua mwisho wa mstari unakuja kabla masikio yangu hayajaambiwa. Nilijua pia besi wanavuta pumzi wapi, na kwamba soprano wa mstari wa mbele, mama mmoja mnene mwenye sauti ya dhahabu, anahitaji nukta ya ziada kabla ya "Utukufu". Mwalimu alimpa nukta hiyo kila Jumapili na hakuna aliyejua isipokuwa mimi niliyekuwa chini.

Baadaye nilipofika Ulaya nikasoma kwamba kabla ya injini za umeme kila kinanda kikubwa kilikuwa na watu wa kazi hiyo. Wanaume wawili, watatu, nyuma ya ukuta, wanakanyaga mivukuto. Bach, yule mtunzi mkubwa wa Kijerumani, alipopiga, nyuma yake kulikuwa na watu wanaotoka jasho ambao majina yao hakuna anayeyataja. Wapagazi wa upepo. Nikajiona si mgeni.

Na kuhusu ugeni. Mtu akiniambia kinanda ni cha Wazungu, namwelekeza Misri. Kinanda cha kwanza cha mabomba tunachokijua kilitengenezwa Aleksandria, karne ya tatu kabla ya Kristo, na fundi aitwaye Ktesibios, mtoto wa kinyozi. Alitumia maji kuubana upepo ili usiyumbe. Maandishi ya kale yanasema alimfundisha mkewe, Thais, kukipiga. Basi ukitaka kujua mwanafunzi wa kwanza wa kinanda alikuwa nani, alikuwa mwanamke, tena alikaa Afrika. Ulaya ya magharibi walikuja kupelekewa kama zawadi baadaye sana, mwaka 757, kutoka Konstantinopo kwenda kwa Pepin, mfalme wa Wafranki.

Niseme jinsi nilivyoingia kwenye mabomba mimi mwenyewe. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha Kiswahili na nyimbo. Kanisa likapata nafasi ya masomo Ujerumani, wenye sifa walikuwa wawili, mwenzangu akaolewa. Nikaenda mimi. Siku ya kupimwa nikapelekwa kanisani, nikapandishwa ngazi hadi roshani, nikaona kinanda chenye safu tatu za vibao vya mikono na chini yake safu ya vibao vya miguu, thelathini, virefu kama mbao za kitanda. Sikuwahi kuviona. Nikavua viatu kwa heshima, kama nilivyofundishwa nyumbani kwamba pahali patakatifu unavua. Kumbe wenzangu wana viatu maalumu vya kupigia, vyenye soli nyembamba. Nikapiga kwa miguu mitupu. Profesa, bibi mfupi mwenye sauti ya sajenti, alitazama miguu yangu muda mrefu, akasema, kwa Kijerumani nilichokielewa nusu, kwamba angalau huyu anahisi sakafu.

Wiki ya kwanza hakuniruhusu kupiga wimbo. Alibonyeza sauti moja, akaishika, akaiachia, akaniuliza: imeisha lini? Nikamwambia ulipoinua kidole. Akatikisa kichwa. Akabonyeza tena. Kinanda cha mabomba, kile cha zamani kisichotumia umeme katika kibao, kina fimbo nyembamba za mti kutoka kwenye kibao hadi kwenye kilango kilicho chini ya bomba. Ukibonyeza kilango kinafunguka, hewa inaingia, bomba linasema. Ukiachia, kilango kinajifunga. Ukiachia ghafla kinajifunga kwa kishindo na sauti inakatwa kama kwa panga. Ukiachia taratibu, hewa inapungua kidogo kabla ya kufunga, na sauti inakaa chini yenyewe. Halafu kuna jengo. Katika kanisa la mawe lenye mwangwi wa sekunde nne, sauti uliyoiachia bado inatembea ukutani wakati wewe uko kwenye sauti ya tatu. Usipofupisha vidole, kila kitu kinakuwa uji. Ukija kupiga chini ya paa la mabati lenye madirisha wazi na upepo wa bahari, kinyume chake: usiporefusha, nyimbo inakatikakatika. Hakuna kitabu kinachokuambia jengo lako. Unaliuliza kwa masikio kila unapoingia.

Bomba moja la kinanda linaweza kuwa dogo kama penseli. Mengine ya besi yana mita karibu tano. Na yote hayo hayana choyo, ukibonyeza asubuhi ukaenda kula ukarudi, sauti bado ipo palepale, haijachoka. Hiyo ndiyo hatari yake. Mwimbaji ana mapafu mawili, kinanda hakina mwisho. Mpiga kinanda anayesahau hilo anawaua wanakwaya wake bila kisu.

Ngojeni kidogo. Tumsikilize mwadhini.

(Tulinyamaza wote hadi adhana ya magharibi ilipokwisha.)

Mmesikia alivyolimaliza neno la mwisho? Hakulikata, wala hakulivuta. Ana pumzi moja, anajua imebaki kiasi gani, na analiweka chini likiwa bado zima. Nimekuwa nikiwaeleza hapa dakika kumi na yeye amefanya mara moja. Wanafunzi wangu Waislamu kwa kawaida wananielewa haraka zaidi katika jambo hili, hasa waliopita madrasa, maana tajwidi, elimu ya kuisoma Kurani, imewafundisha mahali pa kusimama na mahali pasiposimamwa.

Bach nilimtaja. Watu wanamsimulia kama malaika, mimi nampenda kwa sababu alikuwa mfanyakazi mwenye matatizo na waajiri. Mwaka 1705 alikuwa mpiga kinanda mji wa Arnstadt, umri miaka ishirini. Akaomba ruhusa ya wiki nne aende Lübeck kumsikiliza Buxtehude, bingwa wa vinanda wa zama hizo. Inasemekana alikwenda kwa miguu. Karibu kilomita mia nne, pungufu kidogo ya njia ya kutoka hapa hadi Dodoma. Wiki nne zikawa miezi kama minne. Aliporudi wakamweka kitimoto: kwanza umechelewa, pili tangu umerudi unatia madoido ya ajabu katika nyimbo za kanisa hadi waumini wanapotea. Wanakwaya mnacheka. Kesi hiyo ninyi mmenisomea mimi mara ngapi? Mwaka 1717 huko Weimar alitaka kuacha kazi kwa ubishi mwingi, mwajiri wake, mtawala wa pale, akamweka ndani karibu mwezi mzima. Na mwaka 1723 alipopata kazi kubwa ya maisha yake huko Leipzig, walikuwa wameshawataka wengine kabla yake, na kazi ilikuja na masharti ya kufundisha watoto Kilatini, akawa anamlipa mtu mwingine amfundishie. Mwaka huohuo alinakili vizuri vipande thelathini vya kufundishia, kumi na tano vya sauti mbili na kumi na tano vya sauti tatu, na juu yake akaandika shabaha: mwanafunzi apate hasa namna ya kupiga kama anayeimba. Aliandika hivyo kwa watu wanaopiga vibao. Vibao haviimbi. Alijua.

Hapo ndipo ninapofika kwenye chombo cha pili.

Chini ya chuo chetu kulikuwa na vyumba vya mazoezi. Jioni moja ya baridi napita, nasikia kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarabu. Nikasimama. Mimi ni mtoto wa Tanga, taarabu imenilea dirishani kwa jirani, sauti ya nyuzi zinazodonolewa naijua hata usingizini. Nikajiambia kuna Mwarabu humu ndani, au nina homa. Nikafungua mlango. Amekaa kijana wa Kijerumani mbele ya kitu kama kinanda kirefu chembamba, kina umbo la bawa la ndege. Vibao vyake vyeusi vilikuwa pale ambapo vyetu ni vyeupe. Hicho ndicho kinaitwa hapsikodi.

Kanuni, mnajua, mpigaji anavaa vidonoo vidoleni na kuzidonoa nyuzi zilizolazwa juu ya sanduku. Hapsikodi ni kanuni iliyopewa vibao. Ukibonyeza, kijiti kinapanda ndani, na ubavuni mwa kijiti hicho kuna ulimi mdogo wenye ncha inayoudonoa uzi. Zamani ncha hiyo ilikatwa kwenye unyoya wa ndege, mara nyingi kunguru. Siku hizi wengi wanatumia plastiki. Wapiga udi wenu wanaita kidonoo chao risha, na risha ni neno la Kiarabu, maana yake unyoya. Mnaona jinsi dunia ilivyo ndogo. Nilipojua habari ya kunguru nilicheka peke yangu, nikawakumbuka kunguru wetu wa pwani, wale wa shingo ya kijivu walioletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890, wanaoiba maandazi. Nikasema laiti mafundi wa Paris wangejua, wangekuja kuchukua manyoya bure, nasi tungepumua.

Na neno letu lenyewe. Leo ukisema kinanda, kila mtu anafikiri vibao vyeupe na vyeusi. Lakini zamani pwani hii, Unguja hadi Lamu, kinanda kilikuwa chombo cha nyuzi cha kudonoa, jamaa ya gambusi. Vilipokuja vyombo vya misheni, jina likahamia huko. Kwa hiyo hapsikodi, ambayo ina vibao na inadonoa nyuzi, ni kinanda kwa maana zote mbili, ya mababu na ya sasa. Hakuna lugha ya Ulaya ninayoijua iliyoipatia jina zuri kama hilo kwa bahati tu.

Ila ina adabu zake ngumu. Ubonyeze kwa nguvu, ubonyeze kwa upole, ukubwa wa sauti haubadiliki. Ncha inadonoa au haidonoi, basi. Ndiyo maana fundi Cristofori wa Firenze, karibu na mwaka 1700, akabuni chombo cha nyundo kinachoweza kupiga kwa upole na kwa nguvu, ndiyo piano. Tena sauti ya hapsikodi haikai, inazaliwa na kuanza kufa papo hapo, tofauti kabisa na kinanda cha mabomba. Sasa utamfanyaje msikilizaji ajue kwamba neno hili ni zito kuliko lile? Kwa wakati. Unachelewa chembe kabla ya sauti nzito. Sauti za pamoja unazitawanya, moja moja, kama mtu anayetandaza mkeka. Na unaishika sauti hii ikapandana na inayofuata, ile nyingine unaiachia mapema ili pawe na ukimya mdogo kabla. Ukiachia kibao, kijiti kinashuka, ulimi unajikunja upite pembeni ya uzi, kisha kitambaa kidogo kinauzima. Kushuka huko kuna sauti yake ndogo, ukiwa karibu unaisikia. Kwa hiyo hata kimya cha hapsikodi kina mlango, na mlango huo unaweza kuufunga vizuri au kuubamiza.

Nilijifunza kinanda cha mabomba miaka minne sikuelewa. Nikapiga hapsikodi miezi sita nikaelewa kinanda cha mabomba. Sijui kwa nini mambo huwa hivyo.

Chombo hicho kilikuwa kimekufa kabisa, au karibu, kwa karne moja hivi. Aliyekirudisha majukwaani zaidi ya wengine ni mwanamke, Wanda Landowska, mzaliwa wa Warszawa. Mwaka 1933 alirekodi zile tofauti 30 za Bach, yaani wimbo mmoja uliogeuzwa namna thelathini, alizochapisha mwaka 1741, zilizoandikwa kwa hapsikodi ya safu mbili, na alikuwa wa kwanza kuzirekodi kwa hapsikodi yenyewe. Alikuwa Myahudi. Mwaka 1940 aliikimbia nyumba yake karibu na Paris, ikaporwa vyombo na vitabu. Akatua New York tarehe 7 Desemba 1941, siku ileile Pearl Harbor, kambi ya wanamaji ya Marekani, iliposhambuliwa. Akaanza upya kufundisha akiwa na miaka zaidi ya sitini. Nikiwa na siku mbaya darasani namkumbuka huyo.

Kufundisha. François Couperin, bingwa wa Kifaransa, aliandika kitabu cha mafunzo mwaka 1716, na ndani yake anasema ameona inafaa aondoke na ufunguo wa hapsikodi baada ya somo, ili watoto wasije wakabomoa kwa dakika moja alichokijenga kwa robo tatu za saa. Nilipolisoma nilicheka hadi machozi, kwa sababu mimi nilikuwa na shida ya upande wa pili. Wanafunzi thelathini na tano, chombo kimoja. Sikuwa na ufunguo wa kuondoka nao wala wa kuacha. Tulichora vibao kwa chaki juu ya madawati. Wanapiga meza, mimi naimba sauti zinazotakiwa kutoka. Mnaweza kuona ni umaskini, na ni kweli ulikuwa umaskini, sitaupamba. Lakini meza ina uadilifu fulani. Haikusaidii. Mtoto aliyebwaga mkono kwenye meza, meza inalia pwaa, na darasa zima linajua.

Shule moja niliyofundisha, sitaitaja, waliamua muziki hauna faida katika mitihani. Kinanda cha upepo kikawekwa stoo, juu ya sakafu ya udongo. Niliporudi baada ya masika mbili kilikuwa kimesimama vizuri, kinang'aa, nikakigusa kikaporomoka. Mchwa walikuwa wamekula ndani wakabakiza rangi. Albert Schweitzer, yule daktari wa Lambaréné huko Gabon, ambaye alikuwa pia mpiga kinanda na mtaalamu wa Bach, alipewa na wenzake wa Paris piano yenye vibao vya miguu, iliyozungushiwa zinki kwa ajili ya unyevu na wadudu. Kuna mengi aliyoyasema juu yetu Waafrika ambayo siwezi kuyameza. Kwenye zinki alikuwa na akili.

Hapsikodi yangu, ndogo, ya safu moja, nyuzi hamsini na kitu, niliachiwa na yule profesa. Ilikuja kwa meli ndani ya sanduku. Pwani haiipendi. Masika ubao unavimba, nyuzi zinapanda, kusi likikausha zinashuka. Chumvi ya bahari inatia kutu nyuzi za chuma. Naitia tyuni kila nikitaka kuipiga, na mara nyingine katikati ya kuipiga. Ukiniuliza kazi ya mpiga hapsikodi ni nini, nitakuambia nusu ni kukaza nyuzi.

Lakini tyuni hiyo ndiyo iliyonileta kwa watu wa hapa. Miaka ya mwanzo nilipohamia Bagamoyo alikuja kijana mmoja anayepiga ilimba, ile ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, Mgogo, amejifunza kwa ukoo. Mnajua hapa ndipo alipoishi na kufanyia kazi marehemu Mzee Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba, aliyefariki 2003, na Chuo cha Sanaa kilichofunguliwa 1981, leo TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kimewakusanya wapigaji wa kila kona. Kijana akasikiliza hapsikodi yangu, akanyamaza kwa adabu. Nikamwambia sema. Akasema, "Mama, chombo ni kizuri, ila mi yako imelewa."

Alikuwa sahihi. Niwaeleze kwa hesabu, sitakaa sana. Wataalamu wanaigawa oktava, yaani kutoka do hadi do ya juu yake, katika senti 1200. Katika vinanda vya leo hatua zote kumi na mbili ni sawa, senti mia mia, kwa hiyo kutoka do hadi mi kubwa ni senti 400. Lakini mi inayotoka katika maumbile, ile inayokaa juu ya do bila kutetemeka, iko kwenye senti 386 hivi. Kinanda cha kisasa kimeongeza senti 14, nasi tumezoea, hatusikii tena. Wagogo wanaimba na kutengeneza ilimba kwa kufuata sauti za maumbile, kwa hiyo sikio la kijana yule lilizisikia senti zangu 14 kama unavyohisi kokoto kwenye wali. Nikamwambia subiri. Nikachukua ufunguo wa kukazia, nikaitia hapsikodi tyuni ya zamani, ya Ulaya ya miaka ya 1500 na 1600, ambayo inazifanya mi hizo kuwa safi. Nikabonyeza do na mi. Akatabasamu mdomo wote.

Tyuni hiyo ina deni lake. Ukisafisha huku, uchafu unakusanyika kona moja, kati ya sauti mbili ambazo huwezi kuzipiga pamoja, zinalia vibaya mno. Ulaya wanaiita kona hiyo mbwa mwitu. Sisi tumeiita fisi, na kila mwanafunzi wangu anajua fisi analala wapi. Kijana yule sasa ananifundisha mimi. Tumepiga pamoja mara kadhaa, ilimba na hapsikodi, na zote mbili hazivumi kwa sauti kubwa, kwa hiyo feni lazima zizimwe na watu watoke jasho.

Mapadre wapo hapa, nawasalimu. Katika hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturjia, ya mwaka 1963, kifungu cha 119 kinataka muziki wa watu wa nchi za misheni upewe heshima yake, na cha 120 kinakisifu kinanda cha mabomba. Vimepangwa mlango kwa mlango. Watu wananijia na kifungu kimoja tu mkononi, kutegemea anataka kupigana na nani.

Na kinanda cha umeme, maana najua swali linakuja. Sina ugomvi nacho. Kimenilisha harusi nyingi, nimelipwa pilau na soda na mara mojamoja pesa. Ugomvi wangu ni na kile kibonyezo cha mdundo. Ukikiwasha, ngoma inajipiga yenyewe, haijali kama yule mama wa soprano amevuta pumzi au bado. Kwaya inamkimbilia mashine. Kizime siku moja tu, ya mazoezi, msikie mnapumua wapi.

Sasa nimesema sana na hapsikodi imeshapoteza tyuni kwa joto lenu, nimeisikia. Nitaanza na hiki cha upepo kilichoazimwa parokiani, kisha mwenzangu wa ilimba atakuja. Tatizo ni goti langu la kulia, halikanyagi tena tangu mwaka juzi. Nahitaji mtu. Wewe, mwenye shati la kijani, uliyekuwa unapiga meza wakati nazungumza. Njoo. Kaa hapa chini, weka viganja kwenye vikanyagio, kulia, kushoto, usikimbie. Usitazame juu, huku hakuna cha kuona. Vikianza kuwa vizito mkononi, ujue nimefika mwisho wa mstari.